Sanduku la Wasomaji: Tuzo ya Chuo Kikuu na Daftari la Kisauni

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi habari za Tuzo ya Mazingira ya St Andrews, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Chuo Kikuu cha St Andrews cha Uskoti kwa ushirikiano na kampuni ya mafuta ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la ConocoPhillips, kwa ajili ya kuwatuza watu na vikundi kutoka nchi yoyote waliobuni njia za kutatua matatizo ya mazingira. Barua tulizopokea ni nyingi kuliko tulivyotazamia, na karibu zote zimetoka Mombasa na viunga vyake. Nimechagua hizi, na kama ilivyo desturi ya safu hii, majina ya waandishi yamehifadhiwa.

*Bwana Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa tatu. Nasikia habari za tuzo nyingi za mazingira, na kila moja inasemekana ni ya kimataifa. Hii ya chuo kikuu ina tofauti gani na nyingine, na je, mtu kama mimi anaweza kuiomba?*
Mwanafunzi, Tudor

Waleikum salaam, kijana wetu. Neno tuzo limebeba mambo mengi yasiyofanana, na asiyeyatenganisha anaweza kupoteza miezi akibisha mlango ambao haufunguliwi kwa kubisha. Zipo tuzo ambazo mtu haziombi. Tuzo ya Tyler, iliyoanzishwa mwaka 1973 na inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, hupewa watu ambao kazi yao ya miaka mingi imekwisha kubadili jinsi dunia inavyoyatazama mazingira. Jane Goodall, aliyewachunguza sokwe wa Gombe nchini Tanzania, aliipata mwaka 1997, na mtu hufika hapo kwa kupendekezwa na wengine. Tuzo ya Earthshot, iliyozinduliwa mwaka 2020, nayo huanza kwa mapendekezo, wala si ya chuo kikuu. Naitaja kwa sababu Wakenya wameipata mara mbili, kila mmoja akiondoka na pauni milioni 1: Charlot Magayi kwa majiko ya Mukuru Clean Stoves mwaka 2022, na mwaka 2024 kampuni ya Keep IT Cool, inayowawezesha wavuvi na wafugaji wa kuku kuhifadhi bidhaa zao kwa baridi. Tena ipo Tuzo ya Hult, ya wanafunzi wa vyuo, ambayo kitita chake ni dola milioni 1, lakini hiyo hutafuta biashara yenye manufaa kwa jamii, si mazingira peke yake.

Ile ya St Andrews ni ya kuombwa. Mtu mmoja, kikundi cha kina mama, shirika au idara ya chuo, wote wamekuwa wakiruhusiwa kupeleka maelezo yao bila kusubiri mkubwa wa kuwataja. Maelezo ya kwanza huwa mafupi, yakipendeza mwombaji huombwa maelezo marefu zaidi, na mwisho hubaki watatu wanaoitwa Uskoti kuisimulia kazi yao mbele ya jopo na kujibu maswali. Kwa miaka kadhaa mshindi alipewa dola 100,000, na wawili waliomfuata dola 25,000 kila mmoja. Kiasi na masharti hubadilika, kwa hiyo usome tangazo la mwaka husika neno kwa neno.

Kwa kuwa nyuma ya tuzo kuna chuo kikuu, na hiki kilianzishwa mwaka 1413, wanaoyasoma maombi ni watu waliozoea kusahihisha kazi za utafiti. Hawavutwi na picha nzuri wala maneno makubwa. Wanauliza: umejuaje? Nawe, kijana wetu, unaweza kuomba, lakini mchoro ulioko kwenye kompyuta yako hautakufikisha mbali. Tafuta watu ambao tayari wanaifanya kazi kwa mikono, uwape elimu yako ya kupima na kuandika, na mwombe pamoja kwa majina yenu wote. Barua inayofuata imetoka kwa watu wa namna hiyo, na hawako mbali na chuo chako.

*Mhariri, hujambo na kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne. Kwa miaka mitatu sasa, mimi na wenzangu saba tunaokota makumbi ya madafu yanayotupwa kando ya barabara, tunayaanika, tunayachoma ndani ya pipa, kisha tunatengeneza makaa ya vitonge, yale ambayo wengine huyaita briketi. Binti yangu anatuhimiza tuombe hiyo tuzo. Mimi naona haya, kwa sababu hatukuvumbua kitu. Kazi hii watu wanaifanya kwingi. Je, tunastahili?*
Mama wa Kisauni

Dada yangu, sijambo, na barua yako ndiyo iliyonifanya niitenge safu nzima kwa jambo hili. Haya yako ni ya bure, na imetokana na kuchanganya maneno mawili. Uvumbuzi ni kupata kitu ambacho hakikuwako au hakikujulikana. Ubunifu ni kuvichukua vitu vilivyopo, hata vya kale, na kuvipanga kwa namna inayotatua tatizo ambalo halikuwa limetatuliwa mahali hapo. Tuzo hii hutafuta ubunifu. Mvumbuzi wa moto hawamtafuti.

Ushahidi uko karibu nasi mno. Mshindi wa tuzo hiyo mwaka 2013 alikuwa mradi wa ndovu na nyuki ulioongozwa na Dakta Lucy King, mradi ambao makao yake yako Sagalla, karibu na Voi, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa kwa barabara ya Nairobi. Wakulima wa Sagalla wanapakana na mbuga ya Tsavo Mashariki, na ndovu wakiingia shambani usiku, mahindi ya msimu mzima huisha kabla ya alfajiri. Mradi ulizungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye nguzo, kila baada ya mita 10, na mizinga hiyo ikaunganishwa kwa waya. Ndovu akijaribu kupita huugusa waya, mizinga huyumba, nyuki hutoka kwa hasira, naye ndovu hugeuka. Ili kupunguza gharama, badala ya kila mzinga wa pili huning'inizwa kibao cha bandia chenye rangi ya manjano, hivi kwamba ekari moja huhitaji mizinga 12 ya kweli na vibao 12.

Sasa tazama, dada yangu. Mizinga hawakuivumbua wao. Wakamba na Wataita wamelina asali tangu enzi za mababu. Kwamba ndovu humwogopa nyuki, wafugaji walikuwa wakilisema zamani, na mwaka 2002 wanasayansi Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa ndovu huiepuka miti yenye mizinga. Kilichokuwa kipya ni mpangilio: waya, nafasi ya mita 10, kibao cha bandia, na mkulima ambaye pamoja na kuokoa mahindi yake anauza asali. Hiyo ndiyo kazi iliyopelekwa Uskoti ikashinda.

Lakini haikushinda kwa mpangilio peke yake. Ilishinda kwa kuwa kulikuwa na daftari. Kila ndovu aliyekaribia uzio aliandikwa, aliyegeuka na aliyepita. Waliendelea kuandika hata baada ya kushinda, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 baada ya kuyafuatilia mashamba ya Sagalla kwa miaka tisa ulionyesha kwamba katika majira ya mazao, uzio uliwazuia ndovu kwa kiwango kilichofikia asilimia 86. Utafiti huo huo haukuficha udhaifu: ukame wa mwaka 2017 ulipokuja, nyuki walipungua sana mizingani, na ikachukua miaka kabla hawajarejea.

Nalikazia daftari kwa sababu kuna jambo lililonichoma moyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na vijana wa mjini kwetu kuwasaidia kujaza fomu ya tuzo nyingine ya ng'ambo. Walikuwa wakisafisha taka za sokoni na kuzigeuza mbolea, kazi ambayo kila jirani aliiona. Tulijaza vizuri mpaka tukafika kwenye swali lililotaka kujua ni kilo ngapi za taka zimeondolewa kwa mwaka. Mwenyekiti akasema, magunia mengi. Mweka hazina akasema, kama magunia 300 hivi. Wa tatu akauliza, ya taka mbichi au zilizokauka? Pakawa kimya. Viganja vyao vilikuwa na sugu za kushika majembe, jasho lao lilikuwa la kweli, lakini hapakuwa na karatasi hata moja ya kulithibitisha. Fomu ile haikutumwa. Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza kuhusu tuzo huanza kumwuliza kama ana mizani.

Kwa hiyo, kabla ya kuwaza fomu, nunueni au muazime mizani ile ya kuning'iniza inayotumiwa na wauza samaki, na daftari la mistari. Pigeni safu nne: tarehe, kilo za makumbi mabichi, kilo za makumbi yaliyokauka, kilo za makaa yaliyotoka. Hapo mtagundua mambo ambayo huenda mnayajua kwa macho bila ya kuyajua kwa hesabu. Kumbi la dafu limejaa maji, tofauti na la nazi iliyokomaa, na wakati wa masika linaweza kukaa uani siku nyingi bila kukauka hata ndani ya nyuzi. Mkiandika mwaka mzima, mtaweza kusema ni kilo ngapi za makumbi hutoa kilo 1 ya makaa katika jua la kaskazi na ngapi katika mvua, na hakuna mwamuzi atakayeweza kulipuuza jibu kama hilo. Andikeni pia mnachotumia kushikanisha unga wa makaa. Kama ni uji wa muhogo, ni kiasi gani kwa kilo ngapi, na uligharimu shilingi ngapi.

Kisha lijaribuni jikoni. Chukueni sufuria moja, jiko moja, maji lita 2, na kiasi kilekile cha makaa kwa uzani, mara ya kwanza makaa ya kawaida ya miti, mara ya pili vitonge vyenu. Pimeni dakika mpaka maji yachemke, na baada ya kuzima pimeni makaa yaliyobaki. Rudieni mara tatu kwa kila aina, siku isiyo na upepo mkali, na muandike hata matokeo yasiyowafurahisha. Vitonge vikichelewa kushika moto lakini vikadumu zaidi, semeni hivyo hivyo. Mama anayepika maharagwe atavitaka, anayetaka chai ya haraka hatavitaka, na kujua ni nani mnunuzi wenu ni sehemu ya ubunifu.

Kuna mawili ya kujihadhari nayo. Msiandike kwamba makaa yenu hayana madhara kwa kuwa hayatoi moshi. Makaa yoyote yakiwaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka, inayoweza kuua katika chumba kilichofungwa, na mwamuzi anayelijua hilo atayatilia shaka mengine yote mliyoandika. Vilevile, ni kweli kwamba makumbi na vifuu vilivyotupwa hutega maji ya mvua, na mbu aenezaye homa ya dengi huzaana humo, jambo ambalo sisi wa Mombasa tunalijua kwa maumivu. Litajeni kama faida inayotarajiwa. Msidai kwamba mmepunguza dengi mpaka mtu wa afya awe ameipima.

Mnastahili, dada yangu. Lakini ombeni mwaka ujao, daftari likiwa limejaa. Na kama mwanafunzi wa Tudor aliyeandika hapo juu anasoma, ofisi ya gazeti itawakutanisha nyinyi wawili kwa furaha.

*Mhariri, kikundi chetu kimepanda maelfu ya miche ya mikoko kandokando ya maji, na wageni wengi wamekuja kupiga picha nasi. Mwaka jana tuliomba tuzo ya nje tukakataliwa bila maelezo. Kosa letu ni nini?*
Mwenyekiti wa kikundi, Mikindani

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuliona ombi lenu, kwa hiyo siwezi kusema kosa lenu ni lipi, ila naweza kukueleza swali ambalo huwaangusha wengi: kati ya miche mliyopanda, mingapi ingali hai? Idadi ya miche iliyopandwa haimwambii mwamuzi chochote. Wazee wa baharini wanajua kwamba kati ya miti yote tunayoiita mikoko, kila aina ina mahali pake. Mlilana ndio mti wa mbele, unaokabiliana na mawimbi. Mkoko hufuata kwenye matope laini. Mkandaa hukaa nyuma yake. Na mchu hustahimili chumvi nyingi hata karibu na nchi kavu. Vikundi vingi hupanda mkoko tu, kwa sababu tunda lake refu kama mshumaa huokotwa kwa urahisi na kuchomekwa matopeni kwa mkono mmoja, na hulichomeka hata pale penye haki ya mlilana. Maji makuu ya bamvua yakija mara mbili tatu, miche huondoka nayo.

Tena upandaji wa miti, pamoja na wema wake wote, si jambo jipya, na tuzo hii inauliza jipya ni lipi. Nenda Gazi, kule Kwale, ukaonane na watu wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wale wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, takriban tani 3,000 kwa mwaka, wakisaidiwa kitaalamu na taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, ambacho nacho ni cha Uskoti. Fedha zimeingia kwenye maji na shule. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Jipya lao lilikuwa kwamba mti uliosimama unalipa, na malipo hayo yanapimika na kukaguliwa.

Wala msiifiche miche iliyokufa. Pale Bamburi, ambapo machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yaliacha jangwa jeupe, René Haller alianza mwaka 1971 kujaribu aina 26 za miti, na zilizonusurika ni tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yakaanguka yasioze, mpaka alipoleta majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo watoto wetu wanatembea kwenye msitu huo wakiwalisha twiga. Kama asingezihesabu zile 23 zilizokufa, tusingeijua thamani ya zile 3. Rudini ufuoni na kamba na vigingi, mtenge vipande vya mita 10 kwa mita 10, mhesabu miche iliyo hai kila baada ya miezi mitatu kwa kila aina, kisha ndipo mtakapojua mna nini cha kuomba.

*Toleo lililopita lilisema wazi kwamba tuzo hii iliasisiwa kwa fedha za kampuni ya mafuta. Mimi ni mwalimu. Nawafundisha watoto kwamba uchomaji wa mafuta ndio unaolipasha joto anga. Nitawaambia nini nikishangilia fedha hizo?*
Mwalimu, Likoni

Mwalimu, swali lako ni zito na sitalipitia juu juu. Unayowafundisha watoto ni kweli, na ni kweli pia kwamba kampuni inayochimba mafuta ikigharamia tuzo ya mazingira hupata jina zuri ambalo haikulipata kwa kazi yake ya kila siku. Anayesema kuwa jambo hilo halina uzito hajaifikiria hali ya mkaazi wa kisiwa kama chetu, ambaye bahari ikipanda hana mlima wa kukimbilia.

Kwa upande mwingine, mkulima wa Sagalla aliyelala usingizi kwa mara ya kwanza msimu wa mahindi hakuuliza zile dola zilitoka kisima gani, nami siwezi kumhukumu. Rai yangu ni kwamba anayeomba ayatazame mambo matatu na ayaone kwa maandishi. Nani anamchagua mshindi, wasomi walio huru au maofisa wa mfadhili? Je, mkataba una kifungu chochote kinachomfunga mshindi asimkosoe mfadhili? Na jina na picha za kikundi zitatumiwa wapi, kwa muda gani, na kwa idhini ya nani? Majibu yakiwa safi, fedha zipokelewe zikafanye kazi. Yakiwa na giza, kikundi kiache, hata kama kinazihitaji.

Swali la pili, lile la mkataba, ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Katika mji huu huu amefanya kazi Phyllis Omido, aliyepata Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kuwatetea wakaazi wa Owino Uhuru waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Ile si tuzo ya chuo kikuu, na wala si ya ubunifu wa vifaa, bali ya ushujaa wa watu wa chini. Mtu kama yeye hangeweza kutia saini karatasi inayomfunga ulimi na bado akaifanya kazi ile. Waeleze watoto habari zake pamoja na za ule uzio wa nyuki, na uwaachie wenyewe waamue darasani kama wao wangezipokea fedha za mafuta. Naamini mjadala huo utakuwa somo bora kuliko jibu langu.

*Mhariri, nimepigiwa simu na mtu anayesema mradi wangu umeteuliwa kwa tuzo ya chuo cha Uingereza, lakini nitume kwanza ada ya usajili kwa simu. Nitume?*
Fundi wa majiko, Changamwe

Usitume hata shilingi. Huwezi kuteuliwa kwa tuzo ambayo hukuiomba na ambayo mwombaji ndiye hujaza fomu, na tuzo ya chuo chenye heshima haitozi ada kupitia nambari ya simu ya mtu binafsi. Anwani za vyuo vya Uingereza huishia kwa .ac.uk, na za vyuo vyetu huishia kwa .ac.ke, ujumbe ukitoka penginepo, nenda mwenyewe kwenye tovuti ya chuo ukatafute tangazo lao. Kama umekwisha kutuma, piga ripoti kituo cha polisi leo hii ukiwa na ujumbe wote kwenye simu.

*Nikiieleza kazi yangu yote kwenye fomu, si wataniibia wazo? Nimetengeneza mashine ya mkono ya kukandamiza vitonge vya makaa.*
Seremala, Mji wa Kale

Hofu yako ina msingi, fundi, ila adui yako mkubwa si mwamuzi wa Uskoti. Ni kwamba ukishakuwa miongoni mwa wa mwisho, kazi yako itatangazwa, na jambo lililotangazwa ni vigumu kudai baadaye kuwa ni jipya. Kwa hiyo utangulie kupeleka maombi katika taasisi ya serikali ya haki za uvumbuzi wa viwandani, KIPI. Hataza, ambayo kwa Kiingereza huitwa patent, hulinda uvumbuzi kwa miaka 20, nacho kipo cheti cha miaka 10 kwa maboresho madogo ya kiufundi, ambacho naona ndicho kinachoelekea kukufaa, kwa sababu mashine za kukandamiza zipo nyingi na upya wa yako utakuwa katika sehemu fulani tu, labda wenzo wake au umbo la kalibu. Chora sehemu hiyo, andika vipimo, tia tarehe. Namna ya kutengeneza makaa yenyewe inajulikana kote na hakuna atakayekupa haki yake peke yako. Hapo linalokulinda ni alama ya biashara, ambayo husajiliwa kwa miaka 10 na kuhuishwa.

Na kama mnafanya kazi mkiwa wengi, sajilini kikundi kwanza chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 na mfungue akaunti ya benki yenye jina hilo. Nimeona marafiki wa miaka mingi wakikosana kwa sababu fedha zilipitia akaunti ya mmoja wao.

*Fomu ni ya Kiingereza. Sisi wanakikundi tunasema Kiswahili na Kigiriama tu. Je, tutafute mtu wa kutuandikia?*
Katibu wa kikundi, Mtwapa

Mtafuteni, lakini asianze yeye. Kaeni chini na mwandike kwanza kwa Kiswahili, kama mnavyomweleza mgeni aliyeingia uani akawakuta kazini: tatizo lilikuwa nini, mlifanya nini, kilibadilika nini, mlipimaje, na nini hakikufaulu. Ukurasa mmoja unatosha. Msiache Kigiriama kama ndicho kinacholitaja jambo barabara. Kisha mpeni mfasiri aliyewahi kuiona kazi yenu kwa macho yake, maana asiyeiona atawajazia maneno ya mikutano ambayo hamkuyasema, na siku ya kuhojiwa mtaulizwa juu ya maneno hayo. Akimaliza, awarejeshee kwa Kiswahili alichokiandika, sentensi baada ya sentensi, mbele ya yule anayeushika mpini kila siku, na pale atakaposema "hivyo sivyo", parekebishwe kabla ya fomu kutumwa.